Kwa nini nakala 150 za La Prose du Transsibérien (1913) hazikukamilika?

#1 Karatasi Kavu
Wakuu, salaam.

Kitabu chenyewe ni *La Prose du Transsibérien et de la petite Jehanne de France*. Shairi ni la Blaise Cendrars, rangi ni za Sonia Delaunay, Paris, 1913. Ni karatasi nne zilizogundishwa kichwa kwa mkia mpaka zikawa ukanda mmoja wa karibu mita 2 kwa sentimita 36. Mistari 445 ya shairi inashuka upande wa kulia, rangi zinashuka upande wa kushoto, na juu kuna ramani ya njia ya reli ya Siberia. Chini kabisa safari inaishia Paris, kwenye Mnara wa Eiffel. Kikikunjwa kinaingia kwenye jalada la ngozi lililopakwa rangi, na unaweza kukibeba mkononi.

Tangazo lilisema nakala 150: 8 za ngozi, 28 za karatasi ya Japani, 114 za karatasi ya kuiga Japani. Waandishi wengi wanasema zilizokamilika ni kama 60, wengine wanapandisha kidogo.

Dai langu: stensili, yaani mabati yaliyokatwa matundu ya kupakia rangi, ndizo zilizokwamisha kazi. Fedha ni kisingizio. Karibuni.

#2 Mzee wa Zinki
Nakuunga mkono kwa sehemu. Kwa wasiojua kazi hii inavyokwenda: mchoraji anatoa mchoro mmoja kamili. Fundi anauchambua rangi kwa rangi, na kila rangi inakatiwa bati lake la zinki au shaba nyembamba. Karatasi inawekwa mezani, bati juu yake, gwashi (rangi nzito ya maji) inapakwa kwa brashi fupi ya duara kwa kugonga-gonga, bati linanyanyuliwa, karatasi inaachwa ikauke. Halafu bati la pili. Wafaransa wanaiita *pochoir*, na Jean Saudé aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1925.

Piga hesabu. Tuchukulie rangi 8 tu kwa kila karatasi, ingawa ukitazama ukanda wenyewe utaona hata hiyo ni kuhurumia. Karatasi 4 mara 8 ni pitio 32 kwa nakala moja. Mara 150 ni pitio 4,800. Kila pitio likichukua dakika 10 pamoja na kusafisha bati, ni saa 800.

#3 Mpiga Chapa
Mzee, umejipiga mwenyewe. Saa 800 ni siku 80 za mtu mmoja anayefanya kazi saa 10. Weka watu wanne mezani, siku 20 kazi imekwisha. Hiyo ndiyo ya kukwamisha kitabu?

#4 Mzee wa Zinki
Watu wanne hao wanalipwa na nani?

#5 Mpiga Chapa
Sasa umekuja kwangu. Ni fedha.

Mchapishaji alikuwa Cendrars mwenyewe, kwa jina la Les Hommes Nouveaux, lile alilolianzisha na Emil Szittya mwaka 1912. Hapakuwa na kampuni nyuma yake. Kazi ikatangazwa kwa wateja wa kujiandikisha kabla: unalipa, unapata. Wasipojiandikisha wa kutosha, karatasi zilizokwisha kupigwa herufi zinakaa bila rangi. Herufi unapiga zote kwa mkupuo kwa sababu mashine ikishawekwa sawa, karatasi ya 150 haikugharimu kitu zaidi ya ile ya 60. Rangi ya mkono haiko hivyo. Kila nakala inaanza upya. Kwa hiyo mtu mwenye akili anapiga herufi 150 na kupaka rangi kadiri ya wateja.

Ndiyo maana nasema neno "hazikukamilika" linapotosha. Zilikamilika zilizolipiwa.

#6 Bi Gundi
Asanteni kwa uzi. Mnasahau vita. Agosti 1914 akina Delaunay, Sonia na mumewe Robert, walikuwa Hispania. Hawakurudi Paris kuishi mpaka 1921. Cendrars akajiunga na Jeshi la Kigeni la Ufaransa, akapoteza mkono wa kulia Septemba 1915 huko Champagne. Mwenye shairi hana mkono, mwenye rangi kahamia Ureno. Nani wa kupaka?

#7 Karatasi Kavu
Bi Gundi, kitabu kilitoka vuli ya 1913. Kati ya hapo na Agosti 1914 kuna miezi tisa hivi. Kwa hesabu ya #2 hata mtu mmoja angemaliza. Vita vilifunga mlango, ila kazi ilikuwa imekwama kabla.

#8 Mtu wa Rejista
Kabla hatujaenda mbali, naomba turekebishe ile hadithi ya Mnara wa Eiffel maana najua itakuja. Inasemwa nakala 150 zikitandazwa kichwa kwa mkia zinafikia urefu wa mnara: 150 mara mita 2 ni mita 300. Mnara wa 1889 ulikuwa mita 300 bila mlingoti wa bendera, na 312 ukiwa nao. Nakala zinazopimwa leo ni kama sentimita 199, kwa hiyo tunapata mita 298 na nusu. Wamepungukiwa mita moja na nusu.

#9 Kijiweni
Na leo mnara una mita 330 kwa sababu ya antena. Wangehitaji nakala 166. Kama za 60 ziliwashinda, hizo wangeziweza?

#10 Mpiga Chapa
Hahaha. Lakini hapo pana jambo. Namba 150 ilichaguliwa kwa ajili ya mnara, haikutokana na wateja. Mchapishaji wa kawaida anauliza kwanza wanunuzi ni wangapi. Hawa walianza na mnara wakarudi chini. Maelezo yangu ndiyo hayo: lengo lilikuwa tangazo.

#11 Mzee wa Zinki
Umebadilisha maelezo, mkuu. Kwenye #5 ilikuwa fedha.

#12 Mpiga Chapa
Yote mawili yanakaa nyumba moja.

#13 Mwanafunzi wa Makavazi
Naomba tulinganishe na vitabu vingine vilivyotokana na ushairi wa Kifaransa, tuone vipi vilimalizika.

*L'Après-midi d'un faune* ya Mallarmé na Manet, 1876: nakala 195, zikatoka.
*Parallèlement* ya Verlaine na Bonnard, mchapishaji Ambroise Vollard, 1900: nakala 200, litografia (michoro ya kuchapwa kwa jiwe) 109. Zikatoka, ingawa ziliuzika polepole.
*Poésies* za Mallarmé na Matisse, mchapishaji Skira, 1932: nakala 145, michoro 29 ya asidi. Zikatoka.

Hakuna hata kimoja kati ya hivi chenye rangi za stensili. Jiwe la litografia au bamba la shaba likishaandaliwa linatoa nakala mia mbili bila kulalamika. Hapo namuunga mkono #1.

#14 Kijiweni
Na *Jazz* ya Matisse, 1947? Stensili mwanzo mwisho, nakala 250 za kuuza, zote zikamalizika. Tena walitumia gwashi ileile ya kampuni ya Linel aliyopakia Matisse karatasi zake za kukata. Stensili haijakwamisha kitu.

#15 Mwanafunzi wa Makavazi
*Jazz* haimo kwenye hesabu ya ushairi. Maneno ni ya Matisse mwenyewe, kwa mwandiko wake. Na nyuma yake alikuwepo Tériade, mchapishaji mwenye mfuko, na warsha ya Edmond Vairel yenye mafundi wa kazi hiyo. Cendrars hakuwa na Tériade. Tunarudi kwenye fedha.

#16 Bi Gundi
Kuna tofauti nyingine ya kiufundi mnayoiruka. Rangi za *Jazz* ni bapa, kingo kali, rangi moja imekaa peke yake. Hiyo ndiyo kazi stensili inayoipenda. Rangi za *La Prose* zinapandana, nyingine nyepesi kama maji, nyingine zinafifia kuelekea kwenye maandishi, na mipito ya brashi inaonekana. Hapo fundi hawezi kupaka akiwa amefumba macho. Akizidisha maji, rangi inapenya chini ya bati na kingo zinaota ndevu. Akipunguza, inakuwa nzito na inafunika herufi. Gwashi inaficha, ndiyo tabia yake, na ukiipitisha juu ya mstari wa shairi bila kuiyeyusha vya kutosha, mstari umekwenda.

Ndiyo maana nakala mbili hazifanani. Weka ya MoMA na ya Tate, majumba ya sanaa ya New York na London, kwenye skrini pamoja.

#17 Mtu wa Rejista
Kwenye skrini usilinganishe, mkuu. Kila jumba limepiga picha kwa taa zake.

#18 Bi Gundi
Tazama kingo basi, achana na rangi. Kingo hazibadilishwi na taa.

#19 Mzee wa Zinki
Sababu ya kutofanana nina tatu. Moja, karatasi: ya Japani ina nyuzi ndefu na inanyonya, ngozi hainyonyi kabisa, ya kuiga iko katikati. Gwashi ileile inatoka tofauti kwenye zote tatu. Pili, rangi zilichanganywa kwa mafungu. Fungu la Novemba si fungu la Machi. Tatu, mwanga. Baadhi ya rangi nyekundu na za zambarau za zama zile zinakimbia juani, na nakala iliyotundikwa ukutani miaka 30 si sawa na iliyolala ndani ya jalada.

#20 Karatasi Kavu
Na ya nne: huenda Sonia alimalizia baadhi kwa mkono wake. Majalada ya ngozi yamepakwa kwa mkono, hilo halina ubishi, na kila moja ni tofauti.

#21 Mzee wa Zinki
Jalada sawa. Ndani sikubali mpaka nione mpito wa brashi unaovuka ukingo wa stensili.

#22 Mshairi Mstaafu
Nimewasoma wote. Mnazungumza kana kwamba shairi ni karatasi ya kufungia maandazi. Kijana wa miaka 16 yuko kwenye treni ya kuelekea Harbin na mfanyabiashara wa vito, makasha 34 ya mapambo kutoka Pforzheim, na Jehanne, binti wa Montmartre, anauliza kila mara kama wamefika mbali na kwao. Mistari inarefuka na kufupika kama mwendo wa gari. Herufi nazo zinabadilika: aina 12 kwa hesabu inayotajwa mara nyingi. Mpangaji wa herufi alikuwa na kazi ya kuumiza macho.

#23 Mpiga Chapa
Mzee shikamoo. Hiyo 12 inategemea unahesabu nini. Ukihesabu nene na nyembamba ya sura moja kuwa mbili, na kila ukubwa kuwa aina yake, inapanda sana. Halafu herufi zenyewe zimepigwa kwa wino wa rangi mbalimbali, kwa hiyo karatasi moja inapita kwenye mashine mara nyingi kabla ya stensili hata kuanza. Kila pitio linanyoosha karatasi kidogo kwa unyevu. Ukifika kwenye stensili, bati ulilokata kwa kipimo cha karatasi kavu halikai tena sawasawa. Hapo unatupa karatasi. Kwa kazi ya namna hii agiza karatasi za ziada angalau moja kwa kila kumi.

Nikiongeza hilo kwenye orodha ya sababu: upotevu. Huenda zilipigwa za kutosha na nyingi zikaharibika.

#24 Mshairi Mstaafu
Marahaba. Hiyo ya upotevu ina akili kuliko ya mnara.

#25 Kijiweni
Swali la kizushi: Cendrars alipanda treni hiyo kweli?

#26 Mwanafunzi wa Makavazi
Alikuwa Petersburg kati ya 1904 na 1907 kwa fundi saa Mswisi, wakati wa vita vya Urusi na Japani vinavyosikika ndani ya shairi. Kupanda mpaka Harbin, watu wanabishana hadi leo. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa alijibu: inakuhusu nini, ikiwa nimewapandisha ninyi?

#27 Kijiweni
Halafu mnaita ushairi wa Kifaransa. Mshairi ni Mswisi wa La Chaux-de-Fonds, jina la kuzaliwa Sauser, uraia wa Ufaransa kapata 1916. Mchoraji kazaliwa Ukraine. Mfaransa hapo ni mnara tu.

#28 Mshairi Mstaafu
Na lugha, kijana. Lugha ni Kifaransa, hayo mengine ni pasipoti. Ukitaka la kumlaumu Cendrars, chukua *Anthologie nègre* ya 1921: hadithi za Afrika alizozikusanya akiwa amekaa na vitabu vya wamisionari na wasafiri, bila kumsikia msimuliaji hata mmoja.

#29 Mtu wa Rejista
Hilo lifunguliwe uzi wake. Turudi kwenye karatasi.

Nani anajua rangi zilipakwa kabla ya kugundisha karatasi nne au baada?

#30 Bi Gundi
Kwa mantiki ya meza: kabla. Ukanda wa mita 2 huwezi kuugeuza chini ya bati bila kuukunja, na gwashi mbichi haisamehe. Tatizo linakuja kwenye maungio. Umbo la rangi linaloanza chini ya karatasi ya kwanza linaendelea juu ya karatasi ya pili, na mabati mawili tofauti yanatakiwa kukutana. Milimita 2 zikipotea jicho linaona. Ukitazama maungio kwa karibu kwenye picha nzuri utaona mahali ambapo duara "linaruka".

#31 Karatasi Kavu
Au unaunganisha mbili-mbili kwanza, unapaka, kisha unaunganisha jozi. Maungio yanayosumbua yanabaki moja badala ya matatu.

#32 Bi Gundi
Inawezekana. Ila hapo kila jozi ni mita moja, na kukausha pitio 16 za karatasi za mita moja kunahitaji kamba za kutosha kuanikia nguo za bweni zima.

#33 Fundi Majalada
Nimechelewa, lakini swali la kukunja halijaguswa na ndilo linaloua kitabu hiki.

Ukanda unakunjwa kwanza katikati kwa urefu: sentimita 36 zinakuwa 18. Halafu unakunjwa zigizaga mara 21, unapata vipande 22 vya sentimita 9 hivi. Kwa sababu ya mkunjo wa kwanza, kila kipande kina matabaka mawili, jumla 44. Karatasi ya milimita 0.15 inakupa kifurushi cha milimita 6.6 kabla ya hewa.

Shida ya kwanza ni mwelekeo wa nyuzi za karatasi. Mikunjo 21 inapita kwa upana, kwa hiyo nyuzi zinatakiwa kulala kwa upana. Lakini mkunjo ule mmoja mrefu utazikata nyuzi hizo moja kwa moja. Huwezi kuwaridhisha wote. Unachagua ile 21, na mkunjo mrefu unautilia mfuo kwa mfupa wa kukunjia kabla ya kukunja.

Ya pili: mikunjo inapokutana. Mkunjo mrefu unakatwa na ile mingine katika sehemu 21, na kila sehemu karatasi imekunjwa pande mbili kwa wakati mmoja. Tundu linaanzia hapo. Kwenye karatasi ya kuiga Japani, yenye nyuzi fupi, linaanza mapema; ya Japani halisi inavumilia.

Ya tatu: gwashi juu ya mkunjo. Ina gundi kidogo kwa maumbile yake, ikikunjwa inapukutika. Ukiongeza gundi ya mgunga inashika, ukizidisha inang'aa na kupasuka kama kioo. Tone moja la gliserini kwenye kikombe kidogo cha rangi linasaidia.

#34 Mpiga Chapa
Hapa ndipo nilipokuwa napataka. Fundi, unasema nakala chache zilizosalia zinatokana na uharibifu wa mikunjo badala ya kutokamilika?

#35 Fundi Majalada
Sikusema hivyo. Nasema ukihesabu zilizopo leo, usidai ndizo zilizotengenezwa. Zilizokwisha kwa kuchanika hazina mtu wa kuzihesabu.

#36 Karatasi Kavu
Lakini kitabu cha thamani hiyo mtu hakitupi kwa kuchanika mkunjo.

#37 Fundi Majalada
Leo hakitupi. Mwaka 1920 kilikuwa kipande cha karatasi ya rangi ya mshairi mwenye mkono mmoja.

#38 Kijiweni
Kali hiyo.

#39 Mtu wa Rejista
Fundi, kwa anayetaka kujaribu ukanda wa vipimo hivyo: vipande 22 unavipimaje? 199 kwa 22 ni 9.045, rula haina hiyo.

#40 Fundi Majalada
Usipime kipande kimoja kimoja. Ukikosea nusu milimita kila mara, mwisho umekosea milimita 11 na kipande cha mwisho kinatokeza nje ya jalada. Na ile njia ya kukunja nusu, robo, thumuni haifanyi kazi hapa, kwa sababu 22 ni mara mbili ya 11, na 11 haigawanyiki.

Chukua ukanda wa karatasi nyembamba wenye urefu uleule. Juu ya ubao chora mistari 12 sambamba yenye nafasi sawa. Kunja ukanda katikati, laza nusu yake kimshazari mpaka ncha moja iguse mstari wa kwanza na nyingine wa kumi na mbili, tia alama kila unapovuka. Umepata 11 sawa bila hesabu. Geuza, fanya nusu ya pili. Hamishia alama kwenye kitabu kwa ncha ya mfupa, usitumie penseli.

Maungio ya karatasi nne usiyaache yaangukie kwenye mkunjo. Sogeza ukubwa wa karatasi ili kila ungio likae katikati ya kipande. Pandisha milimita 5, gundi ya wanga wa ngano: sehemu moja ya unga kwa tano za maji, pika moto mdogo ukikoroga mpaka ing'ae, chuja, tumia ikiwa imepoa. Gundi nyeupe ya dukani iache. Ikishakauka haibanduki, na ungio likikaa vibaya umepoteza karatasi mbili.

#41 Mzee wa Zinki
Kitty Maryatt huko Marekani alirudia kazi yote kwa stensili za mkono, akaitoa 2018, nakala 150 kama tangazo la mwanzo. Kwa hiyo idadi hiyo inawezekana.

#42 Karatasi Kavu
Kwa muda gani, kwa watu wangapi, kwa fedha za nani? Ukijibu hayo umenisaidia mimi au umemsaidia #5.

#43 Mpiga Chapa
Anamsaidia #5.

#44 Bi Gundi
Na kule hapakuwa na vita.

#45 Mwanafunzi wa Makavazi
Ongezeni hili: Juni 1914 mshairi Apollinaire aliandika kwenye jarida la *Les Soirées de Paris* akikitetea kitabu, kwamba tofauti za rangi zinalizoeza jicho kusoma shairi zima kwa mtazamo mmoja. Ni wakati mshairi Barzun na wenzake wanagombania nani wa kwanza na wazo hilo la "simultané", yaani vyote kwa wakati mmoja. Ukiwa kwenye ugomvi wa nani wa kwanza, unachohitaji ni nakala chache za kuonyesha: Berlin kwenye maonyesho ya jumba la sanaa la Der Sturm, Petersburg, kwa wahakiki. Hamsini au sitini zinatosha kushinda ugomvi.

#46 Mpiga Chapa
Hiyo ni #10 yangu kwa koti jipya.

#47 Mwanafunzi wa Makavazi
Yako ilikuwa ya mnara.

#48 Mtu wa Rejista
Fundi, jalada la ngozi lipakwe kabla ya kuingiza kitabu au baada?

#49 Fundi Majalada
Kabla, na liache siku kadhaa likiwa limebanwa kati ya mbao. Ngozi ikinyonya unyevu wa rangi inajikunja, ikikauka ikiwa huru haitalala tena. Halafu weka karatasi nyembamba kati ya jalada na kipande cha kwanza, la sivyo rangi ya jalada itahamia kwenye ramani.